Ukienda kuzamia Pwani, panga kwanza siku ya kurudi

Huenda umeamua kuwa likizo hii utazamia baharini huko Pwani ili uwaone wanyama wakubwa, hasa nyangumi na papa shilingi. Huyu wa pili ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na mgongo wake umejaa madoa meupe kama sarafu. Je, hawezi kukumeza? La. Chakula chake ni viumbe wadogo mno wanaoelea majini na visamaki. Cha kuhofia zaidi ni hewa utakayoivuta ukiwa chini, na haraka yako ya kurudi Nairobi.

Chagua majira

Nyangumi wenye nundu huja kutoka bahari za kusini karibu na Antaktika kuzaa katika maji yetu yenye joto. Huonekana Watamu na Diani kuanzia Julai hadi Septemba, na hutazamwa kutoka kwenye mashua. Papa shilingi huonekana zaidi wakati wa kaskazi, takriban Oktoba hadi Machi. Kisiwani Mafia, Tanzania, ambako huitwa potwe, watu huenda kumwona kuanzia Oktoba hadi Februari. Huogelea karibu na uso wa maji, hivyo miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia vinatosha. Usimguse. Kaa mita 3 kutoka ubavuni mwake na mita 4 kutoka mkiani.

Mtungi wa hewa utauhitaji ukitaka kukaa chini kwa muda kwenye matumbawe, wanakoonekana kasa, taa na tewa. Hapo ndipo somo letu la afya linapoanza.

Mwone daktari kwanza

Mwambie daktari wako kuwa unakusudia kuzamia. Mwenye kifafa au mama mjamzito asizamie. Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo au kisukari, na aliyewahi kupasuliwa kifua, asizamie mpaka apimwe na kuruhusiwa. Ukiwa na mafua, ahirisha. Pua na masikio yaliyoziba hayawezi kusawazisha shinikizo la maji, na kiwambo cha sikio chaweza kupasuka. Muulize daktari pia kuhusu dawa za kuzuia malaria, kwa kuwa baadhi huleta kizunguzungu kinachoweza kudhaniwa kuwa ugonjwa wa wazamiaji.

Yanayotokea mwilini

Ukifika kina cha mita 10, shinikizo huwa mara mbili ya lile la juu. Kwenye mita 20 huwa mara tatu. Shinikizo hilo huifanya nitrojeni iliyo katika hewa unayovuta iyeyuke ndani ya damu na nyama za mwili. Ukipanda polepole, hutoka kupitia mapafu bila madhara. Ukipanda ghafla, hufanya mapovu kama soda iliyofunguliwa kwa haraka. Mapovu hayo yanaweza kuumiza viungo, uti wa mgongo na ubongo.

Kwa hiyo panda kwa mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika, na utue kwa dakika 3 ukiwa mita 5 kutoka juu. Usizuie pumzi hata kidogo, kwani hewa iliyo mapafuni hupanuka unapopanda na inaweza kuyapasua. Haraka haraka haina baraka.

Safari ya kurudi

Hapa ndipo wengi hukosea. Nitrojeni haimaliziki mwilini pale unapovua vifaa. Huendelea kutoka kwa saa nyingi, na ukipanda mahali pa juu ambako shinikizo la hewa ni dogo, mapovu yanaweza kutokea hata hapo. Baada ya kuzamia mara moja, subiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege. Ukizamia mara kadhaa, subiri angalau saa 18, na ikiwezekana 24.

Usidhani basi au gari moshi litakuokoa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo anayesafiri kwa barabara au reli naye anapanda mlima. Saa ni zile zile.

Tuseme una wikendi moja tu. Fika Ijumaa na ulale vyema. Zamia Jumamosi, na uwe umemaliza saa nane mchana. Jumapili usizamie tena. Panda mashua utazame pomboo au utembee ufuoni, kisha usafiri baada ya saa nane mchana. Anayezamia Jumapili asubuhi ili jioni apande ndege awahi kazi ya Jumatatu anahatarisha uti wake wa mgongo.

Dalili za hatari

Maumivu ya viungo, ganzi, miguu kukosa nguvu, kizunguzungu, vipele au kushindwa kukojoa baada ya kuzamia si uchovu wa safari. Usinywe dawa ya maumivu ukalala, wala usiabiri basi. Mwambie mkufunzi wako mara moja, lala chali, upewe oksijeni na upelekwe hospitali. Huenda ukahitaji matibabu katika chumba maalumu cha shinikizo.

Kabla ya kulipa, mwulize mwenye mashua maswali matatu: ana oksijeni ndani ya mashua? Chumba cha shinikizo kilicho karibu kiko wapi, na kinafanya kazi? Nani atagharimia kukufikisha huko? Asiyeweza kukujibu, tafuta mwingine.