Zoezi la kujihami shuleni

Swali: Je, shule ifanye zoezi la ghafla lenye milio ya risasi ili walimu na wanafunzi wazoee hali ya kushambuliwa?

Jibu: Zoezi la kushtukiza lenyewe ni hatari. Novemba 2015, miezi michache baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi kilifanya zoezi la aina hiyo. Wengi walidhani wamevamiwa kweli, wengine wakaruka kutoka ghorofani. Mfanyakazi mmoja alifariki na watu kadhaa waliumia.

Zoezi la maana hutangazwa mapema, wazazi na polisi wakijua. Watoto wadogo hawana haja hata ya kutajiwa bunduki: inatosha wazoee kunyamaza, kumsikiliza mwalimu na kufuata njia ya kutokea. Mzigo ni wa watu wazima, yaani nani atoe ishara, nani apige simu, nani ahesabu watoto. Ishara isifanane na kengele ya moto, ambayo huwatoa watu nje, pengine mbele ya mshambuliaji.

Njia ikiwa salama, kukimbia hutangulia kujificha. Ugumu uko kwenye mabweni. Shule iliposhambuliwa huko Mpondwe, magharibi mwa Uganda, Juni 2023, wavulana waliojifungia bwenini walichomewa humo humo. Mlango wa pili unaofunguliwa kwa ndani, na angalau madirisha machache yasiyo na nondo, huenda vikaokoa wengi kuliko ukuta mrefu, ingawa ukuta ndio hupewa fedha kwanza.