Dondoo muhimu: Kuigeuza pikapu iwe 4WD

Ukienda Gerezani, Kariakoo, kutafuta spea za kuifanya Hilux yako ivute kwa magurudumu yote manne, usiokoteze kipande kimoja kimoja. Nunua seti iliyotoka kwenye gari moja: gia boksi na transfa yake, difu ya mbele, propela shafti zote mbili.

Kabla hujalipa, hesabu meno ya difu. Ya nyuma ikiwa na 41 kwa 10, ya mbele nayo iwe na uwiano huohuo. Zikipishana, ukiingiza 4WD zitavutana mpaka kitu kivunjike, mara nyingi transfa.

Chesisi nyingi za 2WD hazina vishikizo vya difu ya mbele. Fundi akisema "tutachomelea tu", muage. Ukijumlisha gharama za spea na ufundi, mara nyingi kuuza pikapu na kununua 4WD kamili ni nafuu zaidi.