Miss Pross: Shujaa Tuliyemcheka

Muhula huu darasani tumesoma A Tale of Two Cities, riwaya ya Charles Dickens ya mwaka 1859. Mwalimu alipouliza shujaa ni nani, karibu wote walijibu Sydney Carton, yule mlevi anayekubali kukatwa kichwa badala ya Charles Darnay. Sawa, sibishi. Ila mimi nilimtaja Miss Pross, watu wakaangua kicheko. Basi naomba nimtetee hapa.

Miss Pross ni yaya aliyemlea Lucie, mke wa Darnay. Ni mama wa Kiingereza, nywele nyekundu, mkali kama pilipili, na Dickens anamtumia kutuchekesha. Yuko Paris wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, lakini kagoma katakata kujifunza Kifaransa. Dukani anakamata kitu anachokitaka. Mwenye duka akinyoosha vidole vinne kutaja bei, yeye ananyoosha vitatu, kwisha habari! Nani kati yetu hajanunua vitu kwa vidole wiki ya kwanza ugenini?

Sasa fungua kitabu cha tatu, sura ya 14. Lucie na familia yake wameshatoroka kwa gari la farasi. Miss Pross amebaki nyuma, aondoke saa tisa alasiri. Saa nane na dakika ishirini ananawa macho yaliyovimba kwa kulia. Ghafla anaingia Madame Defarge mwenye bastola, anamtafuta Lucie ampeleke kwenye gilotini. Akijua nyumba ni tupu, atatuma watu wawafukuzie.

Yule mama wa kuchekesha anafanya nini? Anafunga milango yote minne, halafu anasimama mbele ya chumba cha Lucie. Huyu anafoka Kifaransa, yule anajibu Kiingereza, hakuna anayeelewa neno la mwenzake, lakini nia kila mmoja anaisoma machoni. Wanakamatana. Pross anamng'ang'ania kiunoni huku anakwaruzwa uso. Bastola inalia, Madame Defarge anaanguka na kufa. Pross anafunga nyumba kwa ufunguo, anakaa kwenye ngazi analia kidogo, kisha akivuka daraja anautupa ufunguo mtoni. Kuanzia siku hiyo hasikii tena.

Mimi nimejifunza mambo matatu. Kwanza, hakuwa na mpango wa kushinda. Alikuwa anawanunulia wenzake dakika, basi. Pili, ujasiri wake haukushuka kutoka mbinguni. Ule ukaidi tuliokuwa tunaucheka dukani ndio huo huo uliosimama mlangoni, na Dickens alituandaa tangu mwanzo, sisi tukadhani ni mzaha. Tatu, Carton alipata muda wa kujiandaa, naye alilipa mara moja. Pross alivamiwa na beseni la maji mbele yake, na akaendelea kulipa kwa uziwi maisha yake yote.

Kwa hiyo mwenye insha kuhusu riwaya hii, usiishie kwa Carton. Waweke wawili hawa pamoja, kisha ujiulize: bila ile milango minne kufungwa, kifo cha Carton kingemwokoa nani?

Nilipouliza swali hilo darasani, hakuna aliyecheka. Masomo mema.