Ufa Uliofunikwa kwa Plasta: Hukumu ya Kuuza Nyumba Yenye Kasoro

Bismillahi Rahmani Rahim.

Wengi wetu tukimaliza masomo tutanunua nyumba, au wazazi watatuomba tuwasindikize kwenda kuitazama. Hapa Arua na kule Koboko zipo nyumba za zamani za matofali yaliyounganishwa kwa udongo badala ya saruji. Nyingine zilikaa bila watu baada ya 1979, wenyewe walipokimbilia Zaire na Sudan. Kuta za namna hiyo hupata nyufa. Basi tujue mambo mawili: ufa upi ni wa hatari, na sheria inasemaje juu ya anayeuficha.

Kuutambua ufa

Ufa mwembamba kama unywele, ulio kwenye plasta tu, kwa kawaida si tatizo. Wa kuogopwa ni ule unaoonekana ndani na nje, unaopanda ngazi ngazi kutoka kona ya dirisha, unaozidi milimita 5, au ulio mpana juu kuliko chini. Mara nyingi huo ni dalili kwamba msingi umeshuka upande mmoja. Tazama pia milango inayokwama, njia za mchwa, na maji ya bati yanayoangukia msingi. Ufa wa zamani una vumbi kingoni. Mpya kingo zake ni safi. Kujua kama bado unaendelea, weka alama ya penseli unapoishia, pima upana, andika tarehe, kisha urudi baada ya mvua. Palipo na shaka, mlete fundi asiye wa muuzaji.

Hukumu ya kuficha

Katika Sahih Muslim, Mtume (S.A.W.) alitia mkono ndani ya rundo la chakula sokoni akakuta unyevu. Mwenyewe akasema kimenyeshewa. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakione, akabainisha kuwa mdanganyifu si katika watu wake. Mvua haikuwa kosa la yule mtu. Kosa lilikuwa kuficha. Vivyo hivyo, nyumba kuwa na ufa si dhambi. Dhambi ni kuupaka rangi ili mnunuzi asiuone, naye akalaza watoto chini ya ukuta huo.

Haki ya mnunuzi

Kasoro ikiwa ilikuwepo kabla ya kukabidhiwa, inapunguza thamani, na mnunuzi hakuijua, ana khiyari ya aibu: kurudisha nyumba na kupewa fedha zake. Kwa Mashafii asicheleweshe bila udhuru. Mahanbali wanampa pia hiari ya kubaki nayo na kurudishiwa tofauti ya thamani. Lakini aliyeuona ufa akaridhia, haki hiyo imeondoka. Kwa hiyo makubaliano yanayosainiwa mbele ya mwenyekiti wa LC1 yaitaje kasoro moja moja, isibaki maneno ya mdomo.

Wapo wanaotegemea khiyari ya sharti. Kwa Mashafii haizidi siku tatu, na ufa haujulikani kwa siku tatu. Mjomba wangu alipotaka nyumba Koboko wakati wa kiangazi, tuliona mkanda wa plasta mpya kwenye ukuta mkuukuu. Nikamuuliza mwenye nyumba, “Mzee wangu, chini ya plasta hii kuna nini?” Akajibu, “Ufa, mwanangu. Kila mwaka tunauziba.” Jibu hilo la kweli lilitosha: ufa unaozibwa kila mwaka bado unatembea. Wakakubaliana mjomba apange kwanza msimu mmoja wa mvua. Kufikia Oktoba ufa ulikuwa umefunguka tena, wakazungumza bei upya bila ugomvi.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Hakim bin Hizam kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao. Wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa. Ndugu yangu, ukinunua, uliza, ukiuza, onyesha.

Wallahu a'lam.