Mada ya 9: Kushinda Majaribu – Daudi na Yusufu
(2 Samweli 11–12, Mwanzo 39)

Mtahiniwa, kabla hujaandika lolote kuhusu mada hii, tenganisha jaribu na dhambi. Kujaribiwa si kutenda dhambi. Yesu alijaribiwa nyikani (Mathayo 4:1–11) na hakutenda dhambi. Angalia pia neno lenyewe "kujaribu". Katika Biblia ya Kiswahili neno hili hutumika kwa kupima imani, kama Mungu alivyomjaribu Ibrahimu (Mwanzo 22). Hutumika pia kwa kumshawishi mtu atende uovu, na Yakobo 1:13 anakana kabisa kwamba Mungu hufanya hivyo. Ukichanganya maana hizi utajikuta umeandika kwamba Mungu ndiye aliyemshawishi Daudi.

Yakobo anaendelea (1:14–15): mtu huvutwa na tamaa yake mwenyewe, tamaa huzaa dhambi, na dhambi huzaa mauti. Soma 2 Samweli 11 ukikumbuka mpangilio huo.

Ni majira ya wafalme kwenda vitani, lakini Daudi anamtuma Yoabu na kubaki Yerusalemu. Jioni anaamka, anatembea juu ya dari ya jumba lake, anamwona mwanamke akioga. Mtu anaweza kuona bila kukusudia. Lakini Daudi anauliza ni nani, na jibu lilitosha kumsimamisha: ni Bathsheba, mke wa Uria Mhiti, askari wake mwenyewe. Bado anatuma watu wamlete. Bathsheba anaposhika mimba, Daudi anamwita Uria kutoka vitani ili aende kulala nyumbani kwake na jambo lifichike. Uria anakataa, kwa kuwa wenzake wamelala uwandani. Daudi anamlewesha, bado haendi. Ndipo mfalme anaandika barua ya kumwangamiza Uria, na anampa Uria huyo huyo aipeleke kwa Yoabu. Kila hatua ilikuwa na mahali pa kugeukia, na kila alipokataa kugeuka, hatua iliyofuata ilikuwa nzito zaidi. Usisimulie kisa tu. Hoja hii ndiyo inayotafutwa.

Yusufu alikuwa kijana, mtumwa, mbali na kwao, hana ndugu wa kumwona. Alishawishiwa siku baada ya siku (39:10). Alikataa kwa sababu alizozitaja wazi: bwana wake amemwamini, na tendo lile ni dhambi mbele za Mungu. Akaepuka hata kuwa karibu na mwanamke yule. Siku aliposhikwa vazi hakubaki kujadiliana, aliliacha akakimbia. Matokeo yake? Gereza. Ukiandika kwamba Yusufu alibarikiwa papo hapo kwa kushinda jaribu, umeandika kisichokuwemo. Bwana alikuwa pamoja naye (39:21), lakini humo humo kifungoni.

Ukiulizwa funzo kwa Mkristo wa leo, usiende mbali. Usiku wa kuamkia mtihani, rafiki anakuonyesha ujumbe kwenye simu: karatasi ya kesho imepatikana, kila mmoja achange sh. 5,000. Kuuona ujumbe ni kujaribiwa tu. Kuuliza "ni ya kweli?" ni pale Daudi alipouliza mwanamke yule ni nani. Kuchanga, kufungua, kisha kumdanganya mwalimu anapohoji: hapo Uria yuko njiani na barua. Anayefuata njia ya Yusufu hutoka chumbani mapema, na huenda akaitwa mnoko hadi siku ya mwisho ya shule.

Usimwache Daudi pale alipoanguka. Nathani alipomkabili (sura ya 12), alikiri bila kumsingizia mtu. Alisamehewa, ila mtoto alikufa. Msamaha na matokeo ya dhambi ni hoja mbili, ziandike katika aya mbili.

Swali la kujipima: "Daudi hakuanguka kwa hatua moja." Jadili kauli hii kwa hoja nne kutoka 2 Samweli 11, kisha linganisha na Mwanzo 39:7–12. (Alama 15)