Mwanariadha wa Mbio Ndefu: Anza na Jikoni Kabla ya Poda za Dukani

Wanariadha wengi wa mbio ndefu hununua poda za kuongeza nguvu zinazouzwa kwa jina la "mimea asilia". Kabla ya kutoa pesa, ni vyema kujua mwili unapoteza nini na jikoni kuna nini.

Jasho hutoa nini?
Jasho ni maji na chumvi, hasa sodiamu. Ndizi ina wanga na potasiamu, lakini sodiamu yake ni kidogo mno kufidia iliyopotea. Anayefanya mazoezi katika baridi ya Iten kisha akashindana kwenye joto la Mombasa hutokwa na jasho jingi zaidi. Hata hivyo, kunywa maji matupu kupita kiasi ni hatari, kwa kuwa sodiamu hushuka katika damu. Dalili ni kuumwa na kichwa, kichefuchefu na kuchanganyikiwa. Mwenye dalili hizi apelekwe hospitalini mara moja.

Kinywaji cha nyumbani (mazoezi ya zaidi ya saa moja)
• Maji safi ya kunywa, lita 1
• Sukari, vijiko vikubwa 4 visivyojaa pomoni (gramu 50 hivi)
• Chumvi, robo kijiko cha chai
• Maji ya ndimu au chungwa kwa ladha

Koroga, kisha unywe kidogo kidogo. Tengeneza kingine kila siku. Wenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa figo wamwone daktari kwanza.

Madini ya chuma
Katika nyanda za juu mwili hutengeneza seli nyekundu nyingi zaidi za damu, na huhitaji madini ya chuma. Hupatikana katika maharagwe, ndengu na managu. Chungwa au nyanya husaidia mwili kuyafyonza. Chai huzuia, hivyo inywewe saa moja baada ya mlo. Wanawake hupoteza chuma wakati wa hedhi. Pima damu kabla ya kumeza tembe za chuma, kwani yakizidi hudhuru.

Tahadhari
Neno "asilia" kwenye mkebe si hakikisho. Baadhi ya poda huwa na dawa zilizopigwa marufuku ambazo hazikuandikwa. Kwa kanuni za michezo, mwanariadha huwajibika kwa chochote kinachopatikana mwilini mwake, hata kama hakujua, na anaweza kufungiwa hadi miaka 4. Mwenye shaka aulize ADAK kabla ya kutumia, si baada ya kupimwa.