Kilatini na Kigiriki cha Kale: Vinafundishwa kwa Nini, na Vipi?

Wazazi wenye watoto seminari ndogo huuliza maswali haya kila mwaka wanapoona Kilatini kwenye ratiba. Wanafunzi wa theolojia na historia nao huyauliza.

Lugha isiyo na mzungumzaji mzawa hata mmoja ina faida gani?

Faida yake ni kusoma. Kilatini ndicho kilichobeba sheria za Roma, maandishi ya Kanisa la Magharibi na sayansi ya Ulaya kwa karne nyingi. Isaac Newton alichapisha Principia kwa Kilatini mwaka 1687. Kigiriki kilibeba tamthilia za Athens, falsafa ya Plato na Aristotle, jiometria ya Euclid, na Agano Jipya lenyewe.

Hata historia ya pwani yetu imo humo. Periplus ya Bahari ya Erithrea, mwongozo wa safari na biashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unaeleza pwani ya Azania hadi soko la Rhapta: pembe za ndovu, magamba ya kasa, vyombo vya baharini vilivyoshonwa kwa kamba, na manahodha wa Kiarabu waliooa huko na kuijua lugha ya wenyeji. Rhapta ilikuwa wapi hasa? Wataalamu wanabishana hadi leo, na anayeingia kwenye ubishi huo bila Kigiriki inambidi amwamini mfasiri.

Lakini si husemwa kwamba Kilatini kinanoa akili?

Husemwa sana, na ushahidi wake ni hafifu. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike alichapisha utafiti wa maelfu ya wanafunzi wa sekondari. Aliona kwamba tofauti kati ya somo moja na jingine katika kunoa akili ni ndogo. Waliosonga mbele zaidi walikuwa wale walioanza wakiwa na uwezo mkubwa. Daktari naye hahitaji miaka minne ya Kilatini ili ajue istilahi za mwili. Kozi fupi inatosha.

Sehemu kubwa ya sifa hizo ilitokana na lango la kuingilia. Chuo Kikuu cha Oxford kilidai Kigiriki kwa waombaji wake hadi 1920, na Kilatini hadi 1960. Aliyetaka mwanawe apite hapo alitafuta shule yenye masomo hayo, kisha akayasifu. Rais Kamuzu Banda aliipeleka imani hiyo Malawi alipofungua Kamuzu Academy kule Kasungu mwaka 1981, shule ambayo wanafunzi wake walisoma Kilatini kwa lazima. Kwa maoni yangu, mtoto aliyesukumiwa Kilatini ili aonekane msomi ameibiwa muda, na aliyefikishwa mahali pa kusoma ukurasa mzima kwa raha amelipwa.

Basi hufundishwaje?

Njia ya zamani ni ya sarufi na tafsiri. Mwanafunzi hukariri majedwali ya nomino na vitenzi, kisha hutafsiri sentensi mojamoja, huku kamusi ikiwa pembeni. Kazi yenyewe iko hivi: *agricola puellam videt*, mkulima anamwona msichana. Geuza mpangilio, *puellam agricola videt*, na bado mkulima ndiye anayeona, kwa sababu ile *-m* ya mwisho ndiyo inayomtambulisha anayeonwa. Ukisema *puella agricolam videt*, msichana ndiye anayeona. Njia hii hujenga umakini, ila wengi huishia kufumbua sentensi kama fumbo la gazetini, wasiweze kusoma kitabu.

W. H. D. Rouse, mwalimu mkuu wa Perse School mjini Cambridge kuanzia 1902, aliamua kuzungumza Kilatini na Kigiriki darasani, kwa maswali na majibu. Mdenmarki Hans Ørberg alifuata mkondo huo kwa kitabu: masomo yake, Lingua Latina per se Illustrata, hayana tafsiri. Yanaanza na ramani ya dola ya Roma na sentensi nyepesi kuhusu miji, mito na visiwa, na kila neno jipya hueleweka kwa picha au kwa maneno yaliyotangulia. Cambridge Latin Course ya 1970 ilishika njia ya kati: hadithi mfululizo ya Caecilius, mwenye fedha wa Pompeii aliyeishi kweli, ambaye vibao vya hati zake za malipo vilifukuliwa nyumbani kwake. Sarufi huja baada ya hadithi.

Ipi inamfaa mwanafunzi anayezungumza Kiswahili?

Naegemea kwa Ørberg. Vitabu vingi vya Kilatini vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mtoto wa kidato cha kwanza hubeba mizigo miwili kwa mpigo. Kitabu cha Kilatini kitupu humtua mmoja.

Isitoshe, upatanisho wa kisarufi si mgeni kwetu. Mwingereza hushangaa kwamba kivumishi lazima kipatane na nomino. Aliyekulia kwenye *kitabu kizuri kimepotea, vitabu vizuri vimepotea* hashangai. Kinachomtatiza ni kwamba alama alizozoea kuziona mwanzoni mwa neno, Kilatini huziweka mwishoni. Mwalimu aanzie hapo.

Seminari zinalazimika kukifundisha?

Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 249, inataka waseminari wakielewe Kilatini vizuri. Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962 hadi 1965) hata Misa ilisomwa kwa lugha hiyo. Siku hizi kiwango hutofautiana kutoka seminari hadi seminari, hivyo muulize mlezi ni maandishi gani mwanao atasoma kufikia mwaka wa mwisho. Ukijibiwa kwa majina ya majedwali tu, endelea kuuliza.

Na Kigiriki?

Alfabeti yake isikutishe. Anayelenga Agano Jipya aanze na Koine, lahaja ya Kigiriki iliyotumika kuliandika, ambayo sarufi yake ni nyepesi kuliko ile ya Athens. Anayemtaka Plato au Sophocles aanze na ya Athens, na Koine ataisoma bila shida kubwa. Asiye na muda wa lugha atafute Mfalme Edipode, tamthilia ya Sophocles iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Samuel Mushi na kuchapishwa mwaka 1971.